Siku Silantoi Alipovua Hereni

Huku kwetu Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha mjini, mtu akicheka na meno yake yakawa meupe pe, tunajua amehamia. Sisi tuliozaliwa hapa tuna meno ya rangi ya chai. Ni maji ya mlima wetu huu, yana madini yanayong'ang'ania meno toka utotoni, na usugue utakavyosugua hayatoki. Tumeshazoea. Kwa hiyo mke wangu Silantoi aliponiambia ana doa jeusi juu kwenye kaakaa, mimi nilikuwa nafunga lango la zizi, wala sikugeuka.

"Ni maji tu hayo, Mama Evelyn," nikamwambia.

Ndivyo nilivyosema mimi Parsimei, mzee wa kanisa, mtu wa miaka sitini na saba, ninayejifanya najua kila kitu mpaka ugonjwa wa mbuzi wa jirani. Naye akaniamini. Miezi minane doa lile likakaa mdomoni mwake likinenepa. Nikikumbuka natamani nijipige makofi mwenyewe.

Aliyeligundua ni daktari wa meno kule mjini. Silantoi alikwenda kung'oa jino, daktari akammulika tochi, akanyamaza. Daktari wa meno akinyamaza na koleo mkononi, ujue kuna jambo. Akakata kipande kidogo kama punje ya mtama, kikapelekwa maabara, na baada ya wiki tatu tukaitwa. Tulikwenda watatu, mimi, Silantoi na binti yetu Evelyn, yule anayeuza vipuri vya magari pale Sakina. Ugonjwa ukatajwa jina, melanoma. Daktari alieleza vizuri, kwamba ni saratani inayoanza kwenye zile chembe zinazoupa mwili rangi. Wazungu huwatoka mgongoni na miguuni kwa ajili ya jua. Sisi weusi inapenda kujificha mahali ambapo mtu hajitazami, chini ya unyayo, ndani ya ukucha, mdomoni.

"Kwa hiyo siyo maji," nikasema.

"Siyo maji, mzee wangu."

Silantoi hakuniangalia. Ingekuwa afadhali anitukane.

Akafanyiwa upasuaji. Wakaondoa sehemu ya kaakaa pamoja na meno manne, wakamtengenezea kaakaa la bandia, kidude cha plastiki anachokivua na kukiosha kama kikombe. Asipokivaa, sauti yote inatokea puani. Nilimwambia sasa anaongea kama mchungaji mwenye mafua, akanirushia kijiko. Nilifurahi sana, maana mtu anayerusha kijiko bado yupo.

Halafu ndiyo tukaambiwa habari ya mionzi. Daktari alisema kisu kimeondoa kile kinachoonekana, sasa mionzi inakwenda kutafuta kile kisichoonekana. Ni mara thelathini, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki sita, hospitalini Moshi. Haiumi, wala haimchukui mtu zaidi ya robo saa. Sharti ni moja, ukianza usikatize. Ukiruka siku, zile mbegu zilizobaki zinapata nafasi ya kupumua, na ugonjwa huu ukirudi hauji kistaarabu.

"Na asipofanya kabisa?" Evelyn akauliza.

Daktari akasema nafasi ya kurudi pale pale mdomoni ingekuwa kubwa. Hakutaja namba, na mimi sikuitaka.

Basi tukaenda Moshi kupimwa. Kule tukapokewa na kijana anaitwa Najim, mtaalamu wa mionzi, mtoto wa Arusha mjini kabisa, wa Kaloleni. Alitusalimia shikamoo mpaka nikamwuliza kama hana mgonjwa mwingine. Akatuonyesha maski. Ni plastiki yenye matundu kama wavu, wanailainisha kwenye maji ya moto, wanakulaza mezani, wanakufunika uso mpaka shingoni, ikipoa inakauka kwa sura yako. Kila siku unafungwa nayo mezani ili kichwa kisisogee hata unywele, mionzi ipige pale pale ilipopangiwa.

"Sasa mama," Najim akasema, "hizo hereni tutazivua."

"Hizi hazivuliwi," Silantoi akasema.

Najim akacheka kidogo, akidhani ni utani. Hakuwa anajua anachokigusa. Silantoi huvaa isurutia. Ni hereni za shaba, waya mnene ulioviringishwa duara mbili kama konokono, zinaning'inia kutoka kwenye tundu la sikio zikielekea begani. Kwetu Waarusha anavaa mwanamke aliyeolewa. Mabinti wa siku hizi huzivaa siku ya harusi kwa ajili ya picha, kesho yake ziko kabatini. Silantoi si wa siku hizi. Amekuwa nazo toka siku niliyomtoa kwao, miaka arobaini na mmoja, na mimi sijapata kumwona bila. Mke anazivua mume anapokufa. Ukikuta mke wa mtu masikio matupu huulizi anaendeleaje, unauliza maziko ni lini.

"Mama, ni chuma hiyo," Najim akajaribu tena, kwa adabu. "Maski haitakaa sawa, na mionzi ikigonga chuma inatawanyika, inaunguza pasipostahili."

"Baba yako yupo hai, mwanangu?"

"Yupo, mama, alhamdulillah."

"Mama yako akiambiwa amuue baba yako kwa robo saa, kila siku, siku thelathini, ili yeye apone jino, atakubali?"

Najim akanitazama mimi. Evelyn naye akanitazama. Nikavuta sauti ile ninayoitumia nikisoma matangazo ya ibada. "Vua tu, Mama Evelyn. Hayo ni mambo ya kale. Sisi ni watu wa kanisa."

Silantoi akasema, "Umesema huku unaangalia viatu vyako."

Alikuwa amenishika pabaya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kanisani mimi ndiye ninayewakemea watu wanaoogopa bundi, lakini marehemu kaka yangu alimkuta mkewe anaoga mtoni, hereni ziko juu ya jiwe, na wiki ile ile trekta ikamwangukia. Najua kwamba trekta ile haikuwa na breki. Nalijua hilo vizuri kabisa, na bado niliogopa. Mke wangu aliuona woga wangu, akainuka, akajifunga lubega yake, akasema turudi nyumbani. Tukarudi, na maski haikutengenezwa.

Wiki nzima Evelyn hakunisemesha zaidi ya shikamoo. Daktari alikuwa anampigia simu yeye, akimwambia baada ya upasuaji haifai kungoja, wiki ya tano hiyo inaisha. Evelyn akafunga duka mchana, akaja mpaka zizini.

"Baba, shikamoo. Mama akifa kwa sababu ya waya wa shaba, mimi nitauweka huo waya juu ya meza yako uwe unautazama ukila."

Mtoto yule amerithi mdomo wangu, na nilistahili. Nikaenda kwa Kisioki. Kisioki ni wa rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, ana bucha pale njia panda, na kwa mambo ya mila hakuna anayempita, au yeye mwenyewe hajakutana naye. Nilimkuta anakata mbavu. Nikamweleza yote. Hakuacha kukata.

"Parsimei, shaba inaota ukijani, si ndiyo?"

"Inaota."

"Za mkeo zina ukijani?"

Nikafikiri. Zinang'aa siku zote kama sufuria ya harusi.

"Sasa unadhani anazing'arishia wapi, zikiwa sikioni?" Akapiga shoka kwenye gogo. "Wanawake wote huvua, bwana wewe. Wanavua mume akiwa safarini. Mila haisemi asivue. Mila inasema wewe usimwone. Mpeleke Moshi, akiingia ndani wewe kaa nje, akitoka ameshavaa. Nani amekufa hapo?"

Nilitamani kumkumbatia, ila alikuwa na damu mpaka viwikoni. Nikakimbia nyumbani kumweleza Silantoi. Aliniangalia muda mrefu, akauliza kama ni Kisioki kasema au nimetunga. Nikamwambia ni Kisioki. Akakubali. Sharti lake, nisivuke geti la hospitali akiwa ndani, na Evelyn ndiye azishike zile hereni, asiziweke chini hata mara moja. Wiki iliyofuata maski ikatengenezwa, na Jumatatu iliyokuja tukaanza.

Saa kumi na moja alfajiri Evelyn anapiga honi na gari lake, Noah, tunapita Sakina mafundi bado wamelala, Tengeru kunaanza kupambazuka, na kwenye saa mbili tuko Moshi. Wao wanaingia, mimi nabaki nje. Mbele ya geti kuna mama anauza chai na chapati, anaitwa Siwema, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka wodini. Siku ya kwanza aliniuliza mbona siingii na mgonjwa wangu. Nikamweleza. Kosa kubwa! Kuanzia siku ya pili akanibatiza.

"Karibu, marehemu. Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa. Nifufuke na nguvu."

"Umekufa saa ngapi leo?"

"Sasa hivi ameingia. Mwili bado wa moto."

Wateja wake wakanizoea. Kulikuwa na dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita ananivulia kofia kwa heshima ya msiba. Nami nilicheka nao, nikala chapati, na Silantoi akitoka nimeshajifuta mdomo. Anakuja polepole na hereni zake masikioni, anasimama mbele yangu, ananikagua toka viatuni mpaka kofiani, ndipo anaingia garini. Kila siku ananikagua. Mimi nilidhani ananidharau kwa kula chapati.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili mate yakaanza kukauka. Wiki ya tatu mdomo ukachanika vidonda ndani, ladha ikapotea, hata mtori wa ndizi aliokuwa akiupenda kuliko mimi akasema una ladha ya majivu. Daktari alikuwa ametuambia yote hayo yatakuja na baadaye yatapungua, lakini kuambiwa ni kitu kimoja. Nikajifunza kupika uji mwepesi, mimi, mwanamume wa Kiarusha mwenye mvi, naukoroga jikoni huku kila jirani akipata sababu ya kupita karibu na dirisha. Nikajifunza kumchanganyia maji ya chumvi na magadi ya kusukutulia. Alikuwa anakonda. Nilikuwa nikimshika mkono kumshusha garini nasikia mifupa. Usiombe uyaone hayo kwa mtu wako.

Zikapita siku kumi na nane. Ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na kikombe mkononi, Siwema ananiuliza wosia wangu nimemwandikia nani, mara nikamwona Evelyn anatoka getini mbio, mkoba unampiga mgongoni.

"Baba, mama amekataa!"

"Amekataa nini?"

"Ameinua mkono katikati, wamesimamisha mashine, wamemfungua. Anasema basi. Anasema kumi na nane zinatosha, anataka kurudi nyumbani na harudi tena. Daktari ameongea naye, hasikii. Njoo wewe."

"Amevua?" nikauliza.

"Amevua, baba! Hereni hizi hapa!" Akanionyesha kitambaa alichokikunja mkononi. "Njoo hivyo hivyo!"

Siwema akaniondolea kikombe mkononi. Hakuna aliyecheka. "Nenda, mzee," akasema.

Nikavuka geti. Nasema kweli, kwa hatua kama ishirini niliogopa kufa. Niliiona ile trekta. Kisha nikamwona Silantoi amelazwa chini ya udongo wa shamba letu kwa sababu mimi nilikuwa nje nakunywa chai, na woga ule wa kwanza ukaniona mjinga, ukaniacha. Nikaanza kukimbia. Evelyn akawa nyuma yangu ananiambia kushoto, kulia, hapana baba huo ni mlango wa choo.

Chumba cha mionzi kina mlango mnene kama ukuta. Ndani kuna baridi. Kuna mashine kubwa nyeupe yenye kichwa kinachozunguka, na meza nyembamba, na juu ya meza alikuwa amekaa mke wangu, miguu inaning'inia kama msichana kwenye ukuta wa shule. Mashavuni alikuwa na alama za ule wavu wa maski. Midomo imevimba, machozi yanateremka. Aliponiona hakujifunika uso. Alijifunika masikio kwa mikono yote miwili.

"Toka! Baba Evelyn, toka nje!"

"Sitoki."

"Utakufa!"

"Nitakufa siku nyingine. Leo nina kazi."

Nikamsogelea, nikaishika mikono yake, nikaishusha. Alikuwa ananipinga lakini nguvu hakuwa nazo. Basi nikayaona masikio ya mke wangu. Miaka arobaini na mmoja! Tundu zimevutwa ndefu, ngozi ya pembezoni mwake laini kama ya mtoto, na masikio yenyewe madogo, madogo kabisa, mtu hawezi kuamini yamebeba shaba ile yote. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno ya Biblia na ya kimila. Yote yakapotea.

"Una masikio madogo," nikasema.

Akanitazama. "Umekimbia mpaka chumba cha mionzi kuniambia nina masikio madogo?"

"Sikujua. Sasa nimejua."

Akacheka. Kucheka kukamuuma, akashika mdomo, akalia, akacheka tena. Najim alikuwa kwenye kona anajifanya anasoma karatasi. Nikapanda nikakaa pale mezani pembeni yake, na meza ile sidhani kama inaruhusiwa kukaliwa, lakini hakuna aliyenishusha.

"Ni vidonda?" nikamwuliza. "Ni mashine inakutisha?"

"Mashine haina neno. Inavuma kama friji ya Evelyn." Alikuwa anaongea taratibu, kwa shida. "Wakishanifunga ile maski na mlango ukafungwa, nabaki na masikio matupu. Basi nakuona wewe umeanguka pale kwa mama wa chai. Nahesabu. Kila dakika nakuona umekufa, na mimi nimefungwa, siwezi kuinuka nikakuangalia. Nikitoka nakukuta mzima, nashukuru, na kesho naanza tena. Nimekuzika mara kumi na nane, Parsimei. Nimechoka kuzika."

Hakuwa ameniita jina langu toka tupate mtoto wa kwanza. Ule ujanja wa Kisioki tulioushangilia wanaume wawili buchani ndio uliokuwa unamtesa mke wangu siku zote hizo, na mimi nilikuwa nauita utani na kuagiza chapati. Niliona aibu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ukiacha leo, ugonjwa ukirudi, ni mimi nitakayebaki nazo hizo hereni mkononi. Nizifanyie nini? Nivae?"

"Hazitakupendeza."

"Basi. Mimi nimekuona, na moyo wangu unapiga. Shika hapa." Nikaweka mkono wake kifuani kwangu. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, maana nilikuwa nimekimbia. "Kama mila ina hasira inilaumu mimi, wewe hukuniita. Nataka ukae. Nataka uwepo, Silantoi, na masikio yako madogo hayo hayo, na kelele zako. Bila wewe mimi sijui hata chumvi iko wapi."

"Iko juu ya kabati, nyuma ya kopo la majani."

"Unaona?"

Akafuta machozi kwa ncha ya lubega. Kisha akamwuliza Najim kama mzee anaweza kubaki mle ndani. Najim akasema hapana, mashine ikiwashwa hakuna anayebaki ila mgonjwa, hata yeye anatoka. Lakini akakuna kichwa, akasema kule nje kwenye meza yao kuna skrini ya kumwona mama na kuna kipaza sauti, huwa wanawapigia wagonjwa nyimbo au kuwaambia wasisogee. "Mzee anaweza kukaa pale akaongea. Mama atamsikia mwanzo mpaka mwisho. Ila mama usicheke, kichwa kisitikisike."

"Huyu akiongea sicheki," Silantoi akasema. "Nasinzia."

Akalala. Wakamfunga maski, mlango ule mnene ukajifunga, nikakalishwa kwenye kiti chao cha kuzunguka mbele ya skrini. Nikamwona mdogo pale, amelala chali, masikio yake ndani ya wavu. Najim akanionyesha kitufe cha kubonyeza. Nikabonyeza na sikukiachia.

Nikaongea Kimaa, lugha yetu, haraka, kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani. Nikamwambia beberu letu jeusi limekula kofia ya Lemomo, jirani yetu, ile aliyonunua kwa ajili ya Pasaka, na Lemomo anataka nimlipe na mimi nimemwambia asubiri itoke upande wa pili. Nikamwambia mahindi ya juu yameanza kutoa mbelewele. Nikamwambia kwaya ya vijana wamenunua spika mpya na mchungaji anaombea umeme ukatike. Nikamwambia uji wa jana uliungua na nikamficha. Nikaishiwa, nikarudia habari ya beberu. Mashine ikazunguka upande huu, ikavuma, ikanyamaza, ikazunguka upande ule. Najim haelewi Kimaa hata neno moja lakini alikuwa anacheka, sijui anacheka nini. Silantoi hakuinua mkono.

"Tayari, mzee," akasema Najim. "Kumi na tisa hiyo."

Alipotoka, Evelyn alifungua kitambaa amvalishe. Silantoi akatikisa kichwa. Akasema ngozi ya masikio imechoka, kila siku kuvua na kuvaa, zikae mpaka amalize zote. Akazichukua zile hereni, akanitilia mimi mfukoni, akapigapiga mfuko kwa nje.

"Zitunze. Wewe ndiye uliyeona," akasema.

Mchana tulipofika Ngaramtoni soko la Alhamisi lilikuwa limechangamka. Silantoi alitaka parachichi laini, ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita kooni. Akateremka na Evelyn, mimi nikabaki kwenye gari kunyoosha magoti. Dirisha liko wazi. Muuza parachichi ni Lydia, ambaye anatujua sote toka ujana. Akainua macho, akamwona Silantoi alivyokonda, akaona masikio matupu. Parachichi zikamponyoka.

"Mungu wangu! Parsimei! Lini?"

Kabla Silantoi hajafungua mdomo Lydia alishamkumbatia analia, na wa vitunguu akaja, na wa nyanya, khanga zinavutwa kichwani. Nami nikasogea dirishani nisikilize msiba wangu. Si kila mtu hupata nafasi kama ile.

"Alikuwa na mdomo," Lydia akasema kwa kwikwi, "lakini alikuwa mtu."

"Mdomo bado ninao!" nikapaza sauti toka dirishani.

Zikapigwa kelele soko zima. Wa nyanya alikimbia, wa vitunguu alinitupia kitunguu kikanipata bega. Lydia alinitukana matusi ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyaandika. Alipomaliza, akamgeukia mke wangu, ameshika kiuno.

"Sasa kama lipo hai zee hili, wewe umevua kwa nini?"

Watu wakasogea kumsikiliza. Silantoi alimeza mate aliyokuwa hana. Sauti ilitoka ndogo, nusu puani.

"Natibiwa. Chuma hakitakiwi kule. Ameniona hivi hivi, akasema bora mimi kuliko hereni."

Lydia akainama. Aliokota parachichi zake chini, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akachagua zilizoiva kabisa, akamwekea Silantoi kwenye mfuko. Mimi nilikuwa nimegeuka upande wa pili nafuta kitu jichoni.

Tukaingia barabara ya vumbi ya kwetu. Silantoi alikuwa amefumba macho, kichwa kwenye kiti, nikadhani amelala.

"Zimebaki kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja."

"Kesho utafute habari nyingine. Ile ya beberu leo umeirudia."

Nikamwambia nitatafuta. Maneno ninayo ya siku kumi na moja zote, na kama atakuwepo kuyasikiliza, ninayo na ya baada ya hapo.